Siku Ambayo Hatukuruka

Katika maisha yangu ya ualimu nimesahihisha madaftari ya hesabu yasiyo na idadi, na ipo aina moja ya jibu ambayo haikuacha kunisumbua. Ni lile jibu sahihi lililopatikana kwa njia isiyo sahihi. Mwanafunzi amejumlisha mahali alipotakiwa kuzidisha, kisha akakosea tena mbele, makosa mawili yakafutana, na jibu likatoka 24 kama lilivyo nyuma ya kitabu. Mwenyewe anafurahi. Ukimkata alama anakuona mwonevu: "Mwalimu, si nimepata?" Baadaye, nilipokuwa nikiwafundisha wanachuo kazi ya ualimu, niliwaambia kwamba hapo ndipo mwalimu hupimwa, kwa kuwa alama hutolewa kwa njia. Nilisema hivyo miaka mingi kabla sijajua kwamba nilikuwa nikizungumza juu ya jambo zito kuliko hesabu.

Mwezi Aprili mwaka 1986 nilikuwa nafundisha karibu na Arusha. Siku ya Ijumaa jioni nililetewa ujumbe kwamba mama yangu amelazwa katika hospitali ya misheni huko kwetu, upande wa Mbulu, na kwamba hali yake si nzuri. Wakati ule lami iliishia Makuyuni. Kutoka hapo ilikuwa barabara ya udongo, na anayekumbuka masika ya miaka ile anajua maana yake: lori likinasa mbele yenu, mnalala hapo hapo pamoja nalo.

Palikuwa na mzee mmoja mkulima wa kahawa, mwenye asili ya Kiyunani, aliyezaliwa hapa hapa na kusema Kiswahili kuliko wengi wetu. Aliwahi kutupatia bati za darasa, ndipo tulipofahamiana. Alikuwa na ndege yake ndogo, Cessna 172, yenye injini moja na viti vinne, na leseni ya urubani binafsi, yaani ya mtu anayeruka kwa shughuli zake bila kulipwa. Nilimwendea usiku ule ule. Hakuniacha nimalize maneno. Alisema, "Mwalimu, pole sana. Kesho saa mbili asubuhi uwe kiwanjani. Tukipata hali ya hewa, saa tatu na nusu utakuwa na mama."

Sikuyasikia yale maneno "tukipata hali ya hewa". Mwenye shida husikia nusu ya sentensi.

Asubuhi tulikutana. Arusha palikuwa na mawingu ya juu tu, na Mlima Meru ulionekana hadi kiunoni. Kwangu mimi ile ilikuwa siku njema. Mzee alizungumza na misheni kwa simu ya upepo, wakamwambia mvua imekatika lakini wingu limelala juu ya vilima. Basi akakaa kwenye kigoda chini ya bawa la ndege, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akanipa na mimi. Saa nne akauliza tena. Wingu. Saa sita akauliza tena. Wingu, ila limeanza kuchanika. Nilimwambia, "Mzee, wamesema linachanika." Akasema, "Linachanika si limechanika." Saa nane walisema wanaona kilima kimoja lakini cha pili hawakioni. Alitoa mfukoni daftari dogo lenye jalada la nguo, akasoma ukurasa mmoja kwa kitambo, kisha akalifunga na kusema, "Mwalimu, leo haturuki. Hata tukiondoka sasa, wingu likitufungia kule, nitarudi na jua linazama, na viwanja hivi havina taa."

Nililia mbele yake. Sioni aibu kulisema, nilikuwa mtu wa miaka thelathini na sita nikalia kama mtoto. Nilimwambia kwamba ikiwa anaogopea ndege yake, nitaweka sahihi popote. Nilimwambia kuwa nimekubali hatari. Alinijibu kwa upole, "Ninajua umekubali. Ndiyo sababu siwezi kukusikiliza."

Saa kumi na moja misheni waliita wenyewe. Walisema kule kumekuwa kweupe tangu saa tisa. Kumbe kama tungeondoka saa nane tungefika, tungetua, na mzee angerudi na mwanga wake. Nilipanda lori jioni ile. Mama alifariki alfajiri ya Jumapili, na mimi nikafika jioni. Muuguzi aliyekuwa zamu alinieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba usiku aliniulizia mara mbili.

Kwa miaka saba sikusema na yule mzee. Tulipokutana mjini nilimwamkia kwa adabu na kupita. Moyoni nilikuwa na hoja niliyoiona haina jibu: ungeruka, tungefika. Jibu lilikuwa 24. Kwa nini basi nisimhukumu aliyekataa kuliandika?

Siku hizi, baada ya kusoma kidogo habari za urubani, naelewa alichokuwa akikitazama. Kutoka Arusha kwenda kule unavuka sakafu ya Bonde la Ufa karibu na Ziwa Manyara, ambalo liko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kisha ukuta wa bonde unasimama mbele yako na nchi ya juu inaendelea kupanda hadi kuzidi mita 1,700. Wingu ambalo kwa mtu wa Arusha ni la juu, kwa mtu wa kule limekaa juu ya paa la nyumba. Rubani anayeruka kwa macho yake anaweza kuondoka penye anga pana, na nchi ikapanda kumfuata hadi akajikuta kati ya udongo na wingu, hana pa kugeukia. Na hewa ya juu ni nyepesi. Injini hukosa nguvu na mabawa hayashiki vizuri, hivyo kupanda haraka kuukwepa ukuta si jambo la kutegemea.

Na akiingia ndani ya wingu? Mimi nilidhani ni kama kuendesha gari kwenye ukungu, unapunguza mwendo tu. Sivyo. Mwanadamu hujua juu na chini kwa macho, kwa uzito wa mwili wake na kwa kile kiungo kidogo kilicho ndani ya sikio. Macho yakizibwa, sikio humdanganya. Ndege ikiinama polepole na kuanza kuzunguka, baada ya muda sikio husema kila kitu kimenyooka. Na rubani akiinyoosha, sikio humwambia sasa ndiyo umeinama. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kilifanya majaribio kwa watu 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege. Waliingizwa katika hali ya kutoona nje, mwalimu akiwa kando yao. Wote 20 walishindwa kuimiliki ndege. Wastani wa muda hadi kufikia hapo ulikuwa sekunde 178. Hazitimii dakika tatu; hata kahawa ya mzee haikuwa ikipoa kwa muda huo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa John F. Kennedy kijana, mtoto wa yule rais. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999 aliondoka New Jersey na ndege yake mwenyewe, Piper Saratoga, pamoja na mke wake na shemeji yake, wakienda kisiwa cha Martha's Vineyard, ambako shemeji angeshuka, kisha wao wawili waendelee kwenda harusini. Alikuwa amekwisha kuruka saa zipatazo 310 katika maisha yake, na hakuwa na kibali cha kuruka kwa vipimo peke yake. Mmoja wa walimu wake wa urubani alijitolea kufuatana naye usiku ule, naye akasema angependa kwenda mwenyewe. Hapakuwa na dhoruba wala wingu kubwa. Palikuwa na utusitusi juu ya bahari na giza, mstari kati ya maji na mbingu haukuonekana, na hiyo ilitosha. Wachunguzi walisema alishindwa kuimiliki ndege kwa kupotewa na hisia ya juu na chini.

Nikisoma habari hiyo silioni jambo moja ambalo mtu angeliita wazimu. Kila hatua ina sababu yake: wamechelewa, watu wanangoja, hali ya hewa kwa mujibu wa kanuni inaruhusu, njia anaifahamu. Marubani wana msemo wao juu ya ugonjwa huu, ugonjwa wa lazima-tufike. Vitabu vyao vya mafunzo vinamtaka rubani kabla ya kuruka ajikague yeye mwenyewe, aikague ndege, aitazame hali ya nje, na mwisho ajiulize ni nani au ni nini kinachomsukuma. Niliposoma kifungu hicho cha mwisho nilikiweka kitabu chini. Kinachomsukuma siku ile nilikuwa ni mimi, nikilia chini ya bawa.

Lakini si vitabu vilivyonifungua macho. Nilifunguliwa na korongo moja mwaka 1993.

Nilikuwa nimekwisha kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, ambacho sitakitaja. Tulikuwa tunawarudisha wanachuo arobaini na mmoja kutoka mazoezi ya kufundisha, kwa lori la kukodi. Mvua ilinyesha usiku milimani, na tulipofika kwenye korongo ambalo siku zote tulilivuka kwa magurudumu makavu, tulikuta maji mekundu yanapita na matawi. Dereva alizima injini, akashuka, akatia fimbo. Akasema, "Mkuu, tungoje. Haya maji hupungua jioni." Kungoja kulikuwa na maana ya kulala porini. Posho ya chakula ilikuwa imekwisha, lori lilikuwa linalipiwa kwa siku, na kesho yake nilikuwa nimeahidi kuhudhuria kikao. Na nitasema jambo lingine ambalo lilinichukua miaka kulikiri: wanachuo walikuwa wananitazama. Nikasema, "Tumevuka hapa mara ngapi? Twende."

Akaenda. Katikati maji yalifika kwenye mlango, injini ikakohoa, lori likasogezwa upande kama mtu anavyosogeza kiti. Nilisikia msichana mmoja nyuma akiita jina la mama yake. Kisha tairi zikashika mchanga, tukapanda ng'ambo. Wanachuo wakaanza kuimba, wakaimba hadi chuoni. Siku ya mahafali mgeni mmoja alisimama akanisifu kwa uthabiti, kwamba mkuu wetu ni mtu asiyekwamishwa na mito. Wakapiga makofi, nami nikainama kushukuru.

Usiku ule sikulala. Nilimwona yule msichana, na nikajiuliza nani kati ya wale arobaini na mmoja alikuwa anajua kuogelea. Sikuwa nimeuliza. Sikumwuliza hata mmoja kama anakubali kuvuka. Na nilipokuwa nikigeuka kitandani ikanijia kwamba mimi nilipigiwa makofi kwa hesabu mbovu iliyotoa jibu zuri, na mtu mwingine nilikuwa nimemnyima salamu miaka saba kwa hesabu safi iliyotoa jibu chungu.

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba jambo limekwisha: uamuzi upimwe kwa njia, matokeo tumwachie Mungu. Ningependa liwe rahisi hivyo. Lakini sisi wanadamu hatuishi hivyo, na sina hakika kama tungeweza. Madereva wawili wanaendesha wakiwa wamelewa. Mmoja anafika nyumbani analala, mwingine anamgonga mtoto. Kosa la barabarani ni moja, lakini hakuna kijiji kitakachowatazama sawasawa, na sheria haiwatazami sawasawa. Lori letu lingepinduka, ningekuwa muuaji wa vijana wa watu, na ningestahili kuitwa hivyo. Halikupinduka, nikawa mtu thabiti. Tofauti kati ya hawa watu wawili ni mchanga chini ya tairi, ambao sikuuweka mimi. Nikijaribu kusema kwamba yule wa kwanza na huyu wa pili ni sawa, ulimi unakataa, kwa sababu wazazi wa wale vijana wasingekubali. Nikijaribu kusema kwamba si sawa, dhamiri inakataa. Nimelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado limegawanyika mkononi mwangu.

Na kuna upande mwingine ambao lazima niuseme kwa haki. Kukataa peke yake si hekima. Ipo aina ya mkuu wa shule, nimewafahamu wengi, ambaye kila ombi hulijibu "haiwezekani", na kwa kuwa hakuna kinachoharibika mikononi mwake hujiona mtu wa busara. Hakuna kinachofanyika pia. Madaktari wa kuruka walioanzisha kazi yao Nairobi mwaka 1957, kina Michael Wood, hawakuanza kwa kukaa chini. Daktari Wood alikuwa mpasuaji na rubani mwenyewe, na viwanja alivyotua vingi vilikuwa vijia vya ng'ombe. Michael Grzimek, yule kijana wa Kijerumani aliyekuwa na baba yake akihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani kwa ndege iliyopakwa milia ya punda, alikufa Januari 1959 akiwa na miaka 24, ndege yake ilipogongana na tumbusi. Kaburi lake liko kwenye ukingo wa Ngorongoro, na baba yake alikuja kulazwa karibu naye. Niliwahi kuwapeleka wanachuo pale. Mmoja akaniuliza, "Mkuu, alikosea wapi?" Nikafikiri sana nisimpe jibu la kumridhisha tu. Nikamwambia kwamba sijui kama alikosea. Kuhesabu wanyama kulitaka kuruka chini, na penye wanyama pana tumbusi. Aliijua kazi yake, akaikubali, na hatari yake alikuwa ameishika mkononi mwake mwenyewe.

Nadhani hapo pana kitu. Hatari ya nani, na nani ameulizwa? Lakini hata hili halitoshi, kwa maana mimi nilijitolea kuweka sahihi, na mzee akaikataa sahihi yangu. Alisema hawezi kunisikiliza kwa sababu nimekubali. Siku ile niliona ni dharau. Leo naona kwamba ridhaa ya mtu ambaye mama yake anakufa haina uzito wa ridhaa. Angeniomba nitembee juu ya makaa, ningekubali. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mwenzako katika uamuzi. Unaweza tu kumpa kahawa.

Mwaka 1994 nilikwenda shambani kwake. Nilimkuta barazani, amekonda, miguu imevimba. Alikuwa hajaruka kwa miaka miwili. Macho yalianza kufifia, akasema, naye hakungoja daktari amnyang'anye leseni. Aliiuza ndege kabla. Nilimwamkia kama nilivyopaswa kumwamkia siku zote. Alinitazama kwa muda kisha akaagiza kahawa.

Nilimweleza habari ya korongo. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza hakunisifu kwa kukiri wala kunilaumu. Aliuliza tu maji yalifika wapi, na dereva alikuwa nani, kama mtu anayeulizia ajali ya jirani. Nikamwuliza lile swali nililokuwa nimelibeba: kama ingekuwa ile Jumamosi tena, na anajua yale tu aliyoyajua saa nane, angefanyaje?

"Nisingeruka," akasema.

"Na kama ungejua kwamba saa tisa kutakuwa kweupe?"

"Mwalimu, hiyo ni siku nyingine. Siku hiyo sikupewa."

Alimwita kijana, akamtuma ndani. Kijana akarudi na lile daftari lenye jalada la nguo. Mzee akanifungulia ukurasa wa kwanza. Palikuwa na mistari michache kwa wino wa bluu, iliyoandikwa mwaka 1961 alipopata leseni: wingu lisiwe chini ya kipimo gani juu ya ardhi ya mwisho wa safari, aone mbali kiasi gani, abakize mafuta ya muda gani, awe ametua muda gani kabla ya jua kuzama. Vipimo vyake vilikuwa vikali kuliko vya serikali. Alisema aliviandika akiwa ameshiba, hana haraka, na hakuna mtu anayemlilia. Na kwamba katika miaka thelathini alivibadilisha mara mbili, zote kwa kuviongeza, na hakupata kuvibadilisha akiwa kiwanjani.

Kurasa zilizofuata ziliorodhesha siku ambazo hakuruka. Sikujua kwamba mtu anaweza kuweka kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea. Nyingi zilikuwa neno moja moja: ukungu, upepo, homa, plagi. Alilamba kidole, akafunua hadi mwaka 1986, akanigeuzia.

"12 Aprili. Wingu kilimani. Mama wa mwalimu." Chini yake, kwa wino mwingine, alikuwa ameongeza, "Kweupe saa 9. Amefariki." Na mstari uliofuata ulikuwa wa mwezi Mei, upepo.